Jinsi ya Kumchafua Mhandisi wa Miaka Minne

Kwanza, ficha kitambaa cha deki. Mtoto akimwaga maji sebuleni na wewe ukakimbilia kufuta, umefuta na somo lake. Yaache maji yatembee. Yatatafuta bonde hata kwenye sakafu ambayo fundi aliapa kuwa ameipima kwa pimamaji, na mtoto atayafuata kwa kidole mpaka yatakapokomea. Hapo muulize swali moja tu: "Unadhani kwa nini yamekwenda huku?" Kisha funga mdomo. Hakuna hatua ngumu kuliko hiyo katika mwongozo huu, na wazazi wengi, kuanzia Sakina hadi Njiro hapa Arusha, hufelia hapo hapo.

Vifaa havina gharama. Tableti yenye katuni irudishe kabatini. Tafuta beseni, vikombe viwili visivyolingana, maboksi, visoda, kandambili iliyokatika, na nguo ambayo huna mpango nayo siku ya ibada. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 wenyewe ulitaka mtoto ajifunze kwa michezo, na darasani pawe na kona za kujifunzia. Lakini zipo shule za chekechea zinazowavisha watoto joho siku ya mahafali, na mwenye joho hajawahi kuruhusiwa kumimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Joho lisubiri. Mpe kikombe chembamba kirefu na kingine kipana kifupi, uone atakavyoapa kwamba kile kirefu kimebeba maji mengi zaidi. Usimkosoe. Mwache amimine na kurudisha mpaka aanze kukitilia shaka kikombe chenyewe.

Usafiri na ujenzi vinakwenda haraka. Gari la boksi, matairi ya visoda. Jingine, matairi yaliyochongwa kwenye kandambili. Ubao mmoja uliolazwa kwenye ngazi. Lipi litafika mbali? Aseme kwanza, ndipo aachie. Watoto wa mtaani kwako wameshafanya utafiti huu bila kuomba kibali. Ukihitaji vipande vya mbao, mpeleke kwa seremala aombe mwenyewe: "Shikamoo fundi, naomba vipande." Atarudi na mfuko mzima, pamoja na maranda ambayo hukuyaomba.

Shamba nalo lina kazi. Kwenye miteremko ya Mlima Meru watu wamekuwa wakipeleka maji migombani kwa mifereji tangu enzi za mababu, bila pampu. Mpe mtoto kijiko cha zamani achimbe mfereji wake pembeni ya bustani, na azibe kwa tope na mawe apate bwawa. Litabomoka. Utatamani kuingia na kulijenga upya kitaalamu. Weka mikono mfukoni. Bwawa la pili litakuwa na mawe makubwa chini, na hakuna aliyemwambia.

Sasa mlima wenyewe. Anaouona kila asubuhi wingu likijaaliwa kuondoka, wenye mita 4,566, ni volkano, na mara ya mwisho ulilipuka 1910. Mtoto akiusikia ukweli huu hatalala bila maswali, kwa hiyo jengeni mmoja. Rundikeni udongo kuzunguka kifuniko cha chupa, tieni ndani kijiko kidogo cha magadi, yale yale ya makande, kisha akamulie ndimu. Litachemka povu bila moto, na kelele zitafika kwa jirani. Tindikali ya ndimu imekutana na magadi, ikatoka hewa ile ile inayojaza mapovu kwenye soda. Magadi hayo, kama ni yale ya Ziwa Natron, yana undugu na volkano nyingine, Ol Doinyo Lengai, ambayo hutema lava yenye magadi ndani yake. Yapimeni kwa kijiko, mkono wa mtoto usiyaguse, macho yakae mbali, na asionje. Mkimaliza anawe kwa sabuni.

Hilo la kuonja nalisisitiza kwa sababu linahusu meno yake. Miamba ya volkano ndiyo inayoyatia floraidi maji mengi ya huku kwetu, na magadi pia huwa nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ziko chemchemi na visima kuzunguka Meru vinavyozidi mbali kiwango hicho. Ndiyo maana tunakutana na meno ya kahawia, na mahali pengine mifupa iliyopinda. Mhandisi wa miaka minne anakunywa maji hayo. Ana haki ya kuanza kuyachunguza.

Kata kitako cha chupa ya lita moja na nusu, igeuze, ziba mdomo kwa pamba, kisha apange mwenyewe: mkaa uliopondwa, mchanga uliooshwa, kokoto juu. Amimine maji ya tope. Yatadondoka yakiwa yametakata kiasi, na hapo hapo atataka kuyanywa. Mwambie hapana, na umwambie kwa nini: vijidudu havionekani kwa macho, na floraidi haikamatwi na mkaa wa jikoni. Hata kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki. Huko Ngurdoto wataalamu wamefanyia kazi mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unaikamata. Na Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga alitengeneza chujio la mchanga na chembechembe ndogo mno, linalorekebishwa kufuata uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 likampa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kutoka Uingereza. Mwoneshe mtoto picha yake. Ajue kwamba mambo ya mchanga na maji watu wazima nao wanayafanya, tena karibu na nyumbani.

Litakuja swali usilolijua. Usilizime. Mwaka 1963, katika Sekondari ya Magamba, Lushoto, kijana Erasto Mpemba aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipouliza tena akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, wenzake walicheka, lakini mgeni aliyeulizwa, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wanafizikia wanabishana mpaka leo.

Kwa hiyo Jumamosi wekeni vikombe viwili vya maji kwenye friza, kimoja baridi, kingine cha vuguvugu. Mwache abashiri, na wewe bashiri chako, kila mmoja achore kwenye karatasi. Atafungua friza kila baada ya dakika mbili kuangalia. Mwache afungue. Luku itapungua, utanunua nyingine.