Gerald Amesusa

Shangazi, shikamoo. Na ninyi wengine mliojisogeza barazani mkijifanya hamsikilizi, salamu zenu pia.

Mimi ni mzima, na baridi ya Leeds nayo ni nzima. Mgonjwa tuliye naye ni paka. Anaitwa Gerald, ana miaka 15, na ni wa bibi mwenye nyumba ninayopanga. Bibi amelazwa kubadilishwa nyonga, akaniachia funguo, maua na Gerald. Maua hayana neno. Gerald figo zimechoka, na amesusa kula.

Najua mnacheka. Pale soko la samaki la Deep Sea, Tanga, ukipita na changu mkononi, hakuna anayeuliza kama paka ana hamu. Unachunga vidole vyako. Huku paka akigeuza uso, watu wanakosa usingizi.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye sidhani kama ameshika ng'ombe tangu amalize chuo. Chumba cha kusubiri kina upande wa paka na upande wa mbwa, wagonjwa wasikwazane. Gerald ana faili, na humo anatumia jina la ukoo la bibi. Muuguzi alipotoka na kuita jina zima, watu wote wakanitazama mimi. Nikainuka. Tena ana bima. Mjomba aliyetibiwa goti kwa michango ya ukoo asisomewe sentensi hiyo.

Daktari akanieleza kwa nini hawafanyi mzaha. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa mwenye kitambi, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini hadi ini lishindwe kazi. Umekuja na figo, unaondoka na figo na ini. Kwa ufupi, paka hana swaumu. Akizidi kukaidi, hutobolewa shingoni, mrija ukapitishwa kwenye umio, akawa analishwa kwa bomba la sindano.

Ili tusifike huko, tukapewa dawa. Kwanza ya kichefuchefu, maana figo mbovu huacha taka kwenye damu na tumbo huchafuka. Maji anachomwa chini ya ngozi ya mgongo, akawa na kibiongo mpaka yasambae mwilini. Ya hamu ya kula haimezwi: inapakwa ndani ya sikio, nami nivae glavu isiniingie ngozini. Inaitwa mirtazapini, na kwa binadamu ni dawa ya sonona. Shangazi, Januari ya huku jua linazama saa kumi jioni. Ile tyubu niliitazama kwa matamanio.

Sasa ule ushauri wako wa siku zote, kwamba mgonjwa apewe uji wa sukari. Paka haonji utamu kabisa. Wanasayansi walionyesha mwaka 2005 kwamba jeni yake ya kazi hiyo ni mbovu. Na ile supu uliyonielekeza haifai, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Basi nifikirieni, mtu wa Tanga, nachemsha samaki bila kitunguu, bila chumvi, bila ndimu, bila tui. Nilitaka kumwomba samaki radhi. Kisha napasha mpaka joto la mwili, nyuzi 38 hivi, kwa sababu paka huanza kula kwa pua.

Kwetu mtu akilamba midomo mpishi anafurahi. Gerald akilamba midomo mbele ya chakula, ni kichefuchefu. Sahani iondolewe hapo hapo, tena usimshindilie, la sivyo chakula kile atakichukia hata akipata nafuu. Kwa hiyo naingia na sahani, natoka na sahani, kama mpambe wa sultani aliyenuna.

Bibi hupiga simu kutoka wodini. Namuuliza nyonga inaendeleaje, ananijibu, "Amekula?" Jana nikamgeuzia: na wewe je, umekula? Akasema chakula cha pale hakiliki. Kumbe nina wagonjwa wawili waliosusa.

Kilichotusaidia, pamoja na dawa, wewe ungekisema bila kwenda chuo: mgonjwa haachwi kula peke yake. Nikiweka sahani na kuondoka, haigusi. Nikiketi sakafuni na wali wangu, nikampapasa shingo, ananusa, anaonja, anaonja tena. Muuguzi naye anasema paka wagonjwa wengi hula wakiwa na mtu waliyemzoea. Katika nyumba hii kila mtu alikuwa anakula chumbani kwake, mlango umefungwa. Siku hizi hata mpangaji wa juu anashuka na sahani yake, tunaketi sote chini kumshawishi paka. Figo hazitapona, daktari hakuficha. Tunamrahisishia siku zake, naye bila kujua ametutoa uchoyo.

La mwisho ni la fedha. Bima inalipa dawa, hailipi minofu. Bati za banda la kuku tuzisogeze mwezi ujao. Mkiulizwa, semeni nina mgonjwa, na msitaje ni nani. Na huyo paka wako wa jikoni afukuzwe kabla barua haijasomwa. Akisikia kwamba huku ukisusa unapapaswa shingo na kupashiwa samaki, kesho kichwa cha kibua hatakigusa.

Mwanao, mpambe wa Gerald.