Rambo Tumboni, Mhakiki Mlangoni

Majarida ya kisayansi yana imani moja isiyotikisika: kwamba ng'ombe huugua siku ya kazi, mchana, karibu na maabara yenye umeme, akiwa na kadi inayoonyesha tarehe yake ya kuzaliwa. Mimi ni daktari wa mifugo Morogoro na ng'ombe huyo sijawahi kumwona. Wa kwangu huugua Jumamosi jioni, na mwenyewe hunipigia simu akiwa ameshajaribu magadi, mafuta ya kula na ushauri wa jirani.

Ninayemzungumzia aliitwa Pendo, chotara wa Friesian, mali ya mama mmoja anayekaa upande wa mji uliopakana na jalala. Hali, hacheui, maziwa yamekata, na ubavu wa kushoto umejaa. Ukiubonyeza kwa ngumi, shimo linabaki kama umebonyeza unga wa chapati. Rumeni, lile tumbo la kwanza kubwa, kwa kawaida hujikunja mara moja au mbili kwa dakika, na ukiweka kifaa cha kusikilizia unapata ngurumo. La Pendo lilikuwa limegoma.

Tukampasua akiwa amesimama, ndivyo inavyofanywa, kwa ganzi ya ubavuni. Tulitoa mifuko ya rambo iliyosokotana na kamba za manailoni, na katikati ya fundo hilo kandambili moja ya mguu wa kushoto. Mama alipoiona ile kandambili alinyamaza, akaigeuzageuza, kisha akasema, "Kumbe nilimchapa bure mtoto wa watu."

Tukashona, Pendo akapona, maziwa yakarudi. Kwa watu wa kawaida habari ingeishia hapo. Lakini mwenzangu mmoja anayefundisha chuoni alisema kisa kama hiki kiandikwe ripoti, kipelekwe kwenye jarida, na alisema kwa utulivu wa mtu ambaye si yeye atakayeandika.

Nikaanza na taarifa za mgonjwa. Umri: jarida linataka miaka na miezi. Mama alisema Pendo alizaliwa wakati mdogo wake anaolewa, kabla hajaachika. Nikauliza ilikuwa mwaka gani. Akaniuliza, ndoa ipi? Uzito: nilikuwa na kipimo changu, ule utepe wa kuzungushia kifua, lakini nilitaka nijue pia mwenyewe anakadiria vipi, maana wafugaji wengine wana jicho kali kuliko mzani. "Huyu?" akasema. "Huyu si chini ya milioni moja na laki mbili." Kwenye ripoti niliandika kilo.

Kisha fomu ya ridhaa. Siku hizi jarida la maana halichapishi kisa bila mwenye mnyama kukubali kwa maandishi, na ni jambo zuri, mradi usiwe wewe unayekwenda kuomba sahihi. Huku kwetu karatasi ya kusaini huja na hasara: mkopo, kesi au kiwanja. Mama aliisoma mwanzo hadi mwisho, akairudia, akaita mwanawe mkubwa aisome, akaita na mjumbe. Mjumbe aliuliza mhuri uko wapi. Nilieleza kwamba picha za upasuaji zitaonekana duniani kote, kwa faida ya elimu. Hapo mama akashtuka kweli. "Yaani dunia nzima imwone Pendo wangu utumbo nje? Basi mpige na uso, wajue ni ng'ombe wa watu." Tukakubaliana hivyo. Pendo akaogeshwa, akafungwa kamba mpya, akapigwa picha ya uso. Ndiyo picha bora kuliko zote nilizopeleka, na ndiyo pekee ambayo mhariri aliikataa.

Za upasuaji zilikuwa na mkasa wake. Daktari mwenye mikono ndani ya rumeni hawezi kushika simu, kwa hiyo mpiga picha alikuwa kijana wa jirani. Simu yake ilikuwa imewashwa ile programu ya kulainisha ngozi ambayo vijana huitumia kwa picha za sikukuu. Matokeo yake, kidonda hakina damu ya kutosha, rumeni inang'aa, nami nimekuwa mweupe na sina kipara. Jarida lilikuwa limeandika wazi kwamba picha zisifanyiwe urembo wowote. Nilimwomba kijana zile za asili, akanitumia kwa WhatsApp, ambayo nayo huzibana picha hata zikapoteza nusu ya roho yake. Jarida linataka nukta 300 kwa inchi. Ilibidi nimfuate kijana mwenyewe na waya, nikamkuta ameshafuta nyingi ili apate nafasi ya video za mpira. Iliyosalia vizuri ni ya lile fundo la mifuko likiwa chini, na pembeni yake, kwa ajili ya kuonyesha ukubwa, mtu mmoja mwenye nia njema ameweka chupa ya soda. Maelezo ya picha yanasema "chupa ya mililita 350 imewekwa kwa ulinganisho". Hiyo mhariri hakuigusa.

Ukaja mjadala wa nani ni mwandishi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ile iliyoanzia kwenye mkutano wa Vancouver mwaka 1978, ina masharti manne: mtu awe amechangia kazi yenyewe, ameshiriki kuandika au kuhakiki, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa yaliyoandikwa. Jirani aliyeshika kamba aliposikia majina yanaandikwa, alitaka lake liwemo. Nikamsomea masharti. Alisikiliza kwa makini, kisha akapandisha suruali na kunionyesha alama ya kwato kwenye ugoko. "Hilo la kuwajibika," akasema, "nani amewajibika kuliko mimi?" Amewekwa kwenye shukrani, aya yake peke yake.

Marejeo sitayaeleza kwa kirefu, maana hata kuyakumbuka kunaniumiza kichwa. Jarida la kwanza lilitaka namba, la pili likataka majina na miaka, na kila koma niliyoihamisha ilirudi usiku mahali pake. Katikati ya shughuli hiyo barua pepe zilianza kumiminika kutoka kwa majarida ya kitapeli, yanayoniita profesa mashuhuri na kuahidi kuchapisha chochote ndani ya siku chache kwa dola kadhaa. Moja liliniomba niwe mhariri wake wa magonjwa ya meno ya binadamu. Ukweli ni kwamba nilisita kidogo kabla ya kulifuta.

Majibu ya jarida la kweli yalipofika, mhakiki wa kwanza alikuwa muungwana. Wa pili alikuwa wa pili. Wanaoandika wanajua nina maana gani.

Alitaka picha za mawimbi ya sauti za tumbo. Nilijibu kwa heshima kwamba kifaa kilichotumika ni mkono wa kushoto, hadi begani. Alitaka vipimo kamili vya damu. Nikajibu kwamba maabara ilikuwa imefungwa na ng'ombe alikuwa hajafungwa. Kisha akauliza swali ambalo, lazima nimpe haki yake, lilikuwa zuri: mwandishi anasema Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 1 Juni 2019, mwandishi aeleze basi mifuko hiyo imefikaje ndani ya mgonjwa.

Hapo nilifurahi, maana ndicho kiini cha kisa chenyewe. Ng'ombe hana meno ya mbele taya la juu. Hukokota chakula kwa ulimi, humeza kwanza na kutafuna baadaye, na ulimi wenyewe una miiba midogo iliyoelekea kooni, kwa hiyo kikishaingia si rahisi kukitema. Kinachotoka kwenye rumeni kwenda mbele lazima kiwe kimesagika kipite kwenye tundu dogo. Rambo halisagiki. Linakaa. Linasubiri wenzake. Pendo alizaliwa kabla ya katazo, na mifuko mingine aliyokuwa nayo ilikuwa na nembo ya duka ambalo mama alisema lilishafungwa zamani. Sheria iliikusanya mifuko madukani na masokoni, lakini hakuna ofisa aliyekagua rumeni. Tena katazo lilihusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya viwandani viliachwa, navyo vinaishia kwenye jalala lilelile alikokula Pendo. Niliandika hayo yote kwa lugha ya kisomi, aya tatu nzuri. Mhakiki akasema zifupishwe ziwe sentensi mbili. Mimi naona hizo aya tatu ndizo ripoti, na zile sentimita za mkato wa ngozi walizozitaka kwa hamu ndizo za kufupisha, lakini mwenye jarida ndiye mwenye kisu.

Swali la mwisho lilikuwa jepesi: mwandishi aeleze hali ya mgonjwa miezi kadhaa baada ya upasuaji. Nikampigia mama.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, daktari."

"Namuulizia Pendo. Anaendeleaje?"

Kimya.

"Daktari, si ulipata kadi ya mchango wa harusi ya mwanangu?"

"Nilipata mama, na nilichangia."

"Basi Pendo ndiye aliyekuwa mchango wangu. Maziwa yalikuwa yamepungua, na wageni wengi."

Daktari wa mifugo hufundishwa kutohuzunika kupita kiasi. Nikashika kalamu. Nikauliza, kwa ajili ya sayansi, alikuwaje kabla ya hapo. Alikuwa amenona, alisema. Na aliyemchinja, alikuta nini kwenye tumbo lile kubwa?

"Safi kabisa, hata uzi wa plastiki hakuna. Si supu ya utumbo ulikunywa mwenyewe, ukaomba na bakuli la pili?"

Ni kweli niliomba.

Ripoti sasa inasema kwamba mgonjwa alifuatiliwa kwa miezi kadhaa bila dalili za ugonjwa kurudi, hadi alipoondolewa kundini kwa sababu zisizohusiana na maradhi, na kwamba rumeni ilipotazamwa baada ya kifo haikuwa na vitu vigeni. Mhakiki wa pili aliandika kwamba ufuatiliaji huo ni wa kina kuliko alivyotarajia. Penye sehemu ya mgongano wa maslahi nilifikiri sana, nikaweka "hakuna", kwa kuwa supu niliilipia kwa kadi.

Imekubaliwa, itatoka toleo lijalo. Kwa wafugaji wote wa Morogoro niliowatibia ng'ombe, nina ombi: mkiamua kuchinja, nipigieni kabla, nije na rula na kamera. Sufuria isubiri kidogo.