Mimi ni Kapha, Niacheni Nilale

Mfyuu! Sogeeni hapo kwenye benchi, kuna maneno. Mmewahi kumwona mtu mzima, mwenye mke, watoto na deni la duka, akikataa kwenda kutafuta maji kwa sababu mwili wake ni wa kapha? Mimi nimemwona, hapa hapa kwetu Tuala, Kajiado, saa nne asubuhi, blanketi bado mabegani. Simu ilimwuliza maswali mawili matatu, ikamjibu kuwa ameumbwa kwa udongo na maji, ni mzito, mpole, na usingizi wake ni mwingi. Basi! Zamani mvivu alikuwa mvivu tu, akisemwa anainamisha kichwa. Siku hizi ana cheti kutoka India.

Na tusijifanye hatujui jambo hili lilitufikiaje. Ayurveda, tiba hii ya kale ya India inayogawa watu kuwa vata, pitta na kapha, haikuanza jana Kenya. Wahindi wamekuwa nasi miaka nenda miaka rudi, lakini ni nani wa Rongai au Kitengela aliyejali? Kisha tukasikia habari za Rosemary Odinga, binti wa mwanasiasa wetu Raila, aliyepoteza uwezo wa kuona baada ya kuugua mwaka 2017, akapata nafuu kwa matibabu ya Kerala, huko India. Februari 2022 Waziri Mkuu wao, Narendra Modi mwenyewe, akaisimulia habari hiyo redioni. Halafu tarehe 15 Oktoba 2025 Raila mwenyewe, Baba, akatutoka huko huko Kerala, katika matembezi ya asubuhi. Hilo hatulifanyii mzaha. Wapo waliolia hapa wakashindwa kuwasha pikipiki. Ila matanga hayakuwa yamekwisha, na tayari steji nzima ya boda ilikuwa imejaa matabibu. Huyu vata, yule pitta, na mama wa chapati akiulizwa kama unga wake unaongeza upepo tumboni.

Lakini hayo maswali ya simu! Lo, salaale! "Je, ngozi yako ni kavu?" Ndugu yangu, hapa ni Kajiado. Mwezi wa Septemba, lori la mawe likishapita, hata mbuzi ana ngozi kavu. Kwa swali hilo pekee, kuanzia daraja la Mbagathi hadi Isinya sote ni vata, watu wa upepo. "Je, meno yako yana rangi ya manjano?" Hapo ndipo niliposhika tama. Maji ya visima vyetu yana floridi tele, na mtoto aliyelelewa nayo huota meno ya kahawia yasiyosikia mswaki wala mkaa. Simu ya watu haijui kisima. Inaona meno, inakwambia wewe ni pitta, una moto ndani, punguza hasira. Hasira ya nani? Ya maji!

Huko India kwenyewe kazi hii ya kupima maumbile ina wenyewe. Anayetaka shahada ya Ayurveda India hukaa chuoni miaka 5 na nusu, mwaka wa mwisho akiwa mafunzoni hospitalini. Tabibu kama huyo anakushika mkono kwa vidole vitatu asikilize mshipa, akatazama ulimi, akauliza unalala vipi na choo unapata saa ngapi. Tena hutenganisha umbile ulilozaliwa nalo na hali uliyojitia mwenyewe kwa kukesha na kula ovyo. Sisi tumeyachanganya yote, tukaita zawadi ya Mungu.

Na hapa ndipo kichwa kinapotikisika chenyewe. Wale wazee wa Kihindi hawakusema ukijua umbile lako ulifuge. Walisema ulizuie. Kapha aamke kabla ya jua, asilale mchana, apunguze maziwa, utamu na mafuta, atembee mpaka jasho limtoke. Jamaa yangu wa blanketi ameisoma sentensi ya kwanza, ya kumsifu, akafunga simu. Mwenye ploti naye, yule anayegonga milango tarehe mosi kabla ya jogoo, amejitangaza pitta: "Mnivumilie, nina moto." Pitta ameambiwa aache pilipili, vitu vichachu na pombe. Mtafute Jumamosi jioni mkamwone na mbuzi choma, kachumbari inayotoa machozi na chupa ya baridi; anasema ile baridi ndiyo inayosawazisha. Ai! Na kijana wa boda aliyempitisha abiria wake matuta yote bila kugusa breki ni vata, hatulii, ndivyo alivyoumbwa. Vata hutakiwa ale chakula cha moto chenye samli, tena kwa saa zile zile, na alale mapema. Yeye chakula chake cha mchana ni soda na mandazi, saa kumi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatukukosa wa kutufundisha. Wamaasai wa hapa hapa, kabla ya ploti kukatwa futi hamsini kwa mia, hawakuchanganya nyama na maziwa katika mlo mmoja, na supu yao iliwekwa magome ya olkiloriti ili mafuta yasikulemee. Vitabu vya Ayurveda navyo vinakataza maziwa yapikwe na nyama au samaki. Mombasa nako, bibi yeyote wa Mji wa Kale atakwambia chakula gani ni cha moto na kipi cha baridi, asikuruhusu kula embe bila utaratibu. Lakini ushauri wa bibi ni bure, na cha bure hatukitaki. Tunataka kopo.

Makopo nayo yamefika. Yanauzwa kwenye magari ya Rongai, ungaunga wa kusawazisha kila kitu, presha, ndoa na biashara. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha matokeo yao: katika dawa 70 za Ayurveda walizonunua madukani huko, 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Nilimweleza jirani, akanitazama kwa huruma, akasema mimi ni pitta na ndiyo maana nabisha. Mshindwe!

Aliyefaidika ni mmoja tu, mwenye bucha. Ametundika ubao wa chaki: Supu ya Vata, Supu ya Pitta, Supu ya Kapha, ya Kapha ikizidi kwa shilingi ishirini kwa sababu ya tangawizi. Nimechungulia nyuma ya pazia. Sufuria ni moja. Jamaa wa blanketi ndiye wa kwanza kwenye foleni, anaomba ya Kapha, mifupa miwili, na mafuta yasipunguzwe.