Jinsi ya Kumfundisha Shemeji Theluji, Masimba

Kwanza tafuta mwanagenzi. Anayefaa zaidi ni shemeji wa kutoka Mombasa, mtu ambaye kwake kipupwe ni ile miezi anayoweza kulala bila feni. Usichukue mtu wa Kericho. Huko imewahi kuhesabiwa siku 132 za mvua ya mawe ndani ya mwaka mmoja, na mwanafunzi anayejua kuliko mwalimu ni hasara ya nauli. Shemeji ashukie Keroka alfajiri, apande bodaboda mpaka Masimba, na akifika asikie watu waliovaa makoti mawili mawili wakisema leo kuna joto.

Kuhusu theluji yenyewe usimdanganye, ila ukweli nao usiuharakishe. Theluji ya Kenya iko juu ya Mlima Kenya, pande za Point Lenana, mita 4,985 kutoka usawa wa bahari yake ya Mombasa, ambako kuingia ni kwa kulipa na barafu yenyewe inazidi kuyeyuka. Ya Masimba ni mvua ya mawe. Haina kiingilio na huletwa mpaka mlangoni. Akianza kulalamika kwamba hiyo si theluji, mkumbushe Busara, karibu na Nyahururu, Septemba 2008: mteremko mzima uligeuka mweupe, watu wakatoka kuishangilia theluji, kisha wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba ni mawe ya mvua yaliyogandamana. Maelezo yalikuja watu wameshapiga picha.

Vifaa ni vichache. Gambuti, zinunuliwe siku ya soko, na ziwe kubwa kidogo ili zipokee soksi mbili. Wazungu kwenye milima yao hufunga viatu meno ya chuma. Kijana wa Masimba akipeleka maziwa kwenye mteremko wa utelezi huvaa njumu zake za mpira, na hajawahi kuandikiwa makala. Wazungu hao hubeba pia shoka la barafu. Shemeji asipewe shoka wala panga. Mpe ufito wa mkaratusi, akianguka nao atakayeumia ni yeye peke yake.

Ratiba ndiyo elimu. Wapandaji wa Mlima Kenya huamka usiku wa manane, wewe toka saa moja asubuhi pamoja na wachumaji wa chai, mbingu ikiwa safi kiasi cha kumfanya mgeni aache koti. Asiliache. Jua likishapanda, upepo wa Ziwa Victoria huja huku na unyevu wake, ukutane na ule wa mashariki juu ya vilima hivi, na hewa ikikosa pa kwenda husukumwa juu mpaka penye baridi ya kugandisha. Kuanzia saa nane mchana mzigo unarudi chini. Kwa hiyo asubuhi ni ya mazoezi kwenye udongo mwekundu, ambao kwa utelezi hauna cha kujifunza kutoka Ulaya.

Kupanda: apige ncha ya gambuti ndani ya udongo, atengeneze kidato, ndipo ahamishe uzito. Kushuka: kisigino kwanza, magoti yalegee, na asiegemee nyuma kama mtu anayevuta kamba ya jahazi. Akiteleza ajigeuze kifudifudi na kuchimba kwa vidole na viwiko. Njia ya mkato ni kushika mchai, maana mizizi yake haing'oki kirahisi. Ni njia nzuri mradi mwenye shamba hayupo, naye yupo daima.

Mtakutana na mama mwenye kikapu mgongoni, anayeteremka pale pale shemeji alipokwama, mkono mmoja ukichuma majani mawili na chipukizi. Shemeji, kwa malezi ya Pwani, atatoa shikamoo akiwa amekaa kwenye tope. Mama ataitikia, atamwambia “pole mgeni,” na kuendelea. Hilo ndilo somo la mteremko. Lako ni la kupitisha muda.

Radi ikianza kunguruma, kejeli zikome. Nchi hii ya Gusii ina radi nyingi, nazo huua. Hakuna kujikinga chini ya mkaratusi, hakuna kusimama kileleni kungoja picha. Ingieni nyumbani, mngoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Chini ya mabati wakati huo hamtasikilizana, kwa hiyo usijaribu kufundisha.

Kisha mlango unafunguliwa na kila kitu ni cheupe. Watoto watakuwa wameshatoka, wanakula mawe. Hapa ndipo wanagenzi wengi hufeli, wala si kwa kuanguka. Shemeji atapaza sauti: “Mashallah, maridadi!” Mzibe mdomo. Huo uzuri umelala juu ya chai ya mtu. Majani yametobolewa, machipukizi yamekatika, na itachukua wiki kadhaa michai ichipue upya. Hasara hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye bonasi ya Oktoba, ambayo tayari huku magharibi ya Bonde la Ufa huja nyembamba kuliko ile ya Kirinyaga na Murang'a. Maneno yanayoruhusiwa ni “poleni sana,” tena yasemwe kwa sauti ya chini, simu ikiwa mfukoni.

Picha apige nyuma ya choo, ambako hakuna michai, na aitume Mombasa usiku. Wakimuuliza kama ni theluji, ajibu atakavyo.

Asubuhi mpe kikapu. Kuna majani yaliyonusurika upande wa chini wa shamba, na lazima yatenganishwe moja moja na yaliyopondeka kabla ya kufika kwenye mizani, kwa sababu karani wa kituo cha kununulia chai hajali mgeni wa nani ameyachuma.