Cheruiyot Asiyekimbia

Lifti ya ofisini imekufa tena, na askari wa langoni haelewi ninalalamika nini. "Ni ghorofa ya nne tu, Cheruiyot. Si hiyo ndiyo kazi ya kwenu?"

Kwetu! Mimi nilikaa ng'ambo ya ua wa shule na bado nikawa wa mwisho kufika gwaride. Jina lenyewe kwa Kikalenjin lina usingizi ndani yake: hupewa mtoto aliyezaliwa watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo mimi ndiye ninayelitendea haki. Waliolisaliti ni akina Cheruiyot wengine, wale wakimbiaji.

Vivian alichukua dhahabu ya mita 5,000 kule Rio mwaka 2016. Timothy akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500 Doha mwaka 2019. Sawa, hao nawasamehe. Wanaonimaliza ni akina Robert, maana wako wawili, na shemeji yangu hachoki: "Yule Robert Cheruiyot wa Boston ni ndugu yako?" Robert yupi, shemeji? Robert Kipkoech alishinda Boston Marathon mara nne: 2003, halafu 2006, 2007 na 2008. Mwaka 2010 akatokea Robert Kiprono, akashinda kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 52, na kuivunja rekodi ya njia ile iliyokuwa ya Robert mwenzake. Wao kwa wao hawana undugu, sembuse mimi niliye na undugu na chapati!

Sasa meneja ameniandikisha mbio za hisani, kilomita 10, na unahodha juu. Nimemwonyesha kitambi, tena kwa pembeni ambapo kinaonekana vizuri. Akacheka. "Nyinyi watu mnajua kujificha, Bwana Cheruiyot." Jezi imeshachapwa jina mgongoni, herufi kubwa, nao watu wa uhasibu wanachanga pesa za kunibashiria.

Nimebaki na tumaini moja. Chicago mwaka 2006, Robert Kipkoech alipofika mstari wa mwisho aliteleza kwenye nembo iliyobandikwa chini, akapiga kichwa barabarani, akapelekwa hospitali, na bado ushindi ukawa wake. Jumapili nami nitateleza. Ila wangu utakuwa mstari wa kuanzia.