Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Jiji la Amagasaki, Japani

Mheshimiwa Meya na Waheshimiwa Madiwani,

Hongereni. Wengine hushindwa hata kuwakusanya wananchi kwenye mkutano wa hadhara. Ninyi, Juni 2022, mliwakusanya wakazi wenu wote wapatao 460,000, kwa majina, anwani, tarehe za kuzaliwa na taarifa za kodi, ndani ya flashi moja, wakasafirishwa hadi mji wa Suita. Huko mtu wa mkandarasi wenu akamaliza kazi ya kuhamisha data, akaenda kunywa, akalala barabarani, akaamka hana mkoba.

Mtasema flashi ilisimbwa na ilikuwa na neno la siri. Kweli, tena si haba: ile ya uwanja wa ndege wa Heathrow, iliyookotwa London mwaka 2017, haikuwa na kinga yoyote, na uwanja ukapigwa faini ya pauni 120,000. Ila ninyi mliwaita waandishi wa habari mkawaambia neno lenyewe lina herufi na tarakimu 13. Kihesabu, kuujua urefu hakumsaidii sana mwizi, mradi herufi zimechanganywa ovyo. Tatizo ni kwamba binadamu hapendi kuchanganya ovyo, na watu mitandaoni hawakukawia kuhesabu: “Amagasaki” herufi tisa, “2022” tarakimu nne. Kama silo, basi hongereni tena.

Wapo wanaomtupia lawama mlevi. Hoja tamu hiyo, maana wote walioko ofisini wanatoka na mashati meupe. Lakini pombe ilimpotezea mkoba tu. Haikumjazia jiji zima humo. Kazi ilipoisha, data ilipaswa kufutwa, kabla hajanyanyuka kitini, na haikufutwa. Hata asiyeonja pombe maisha yake yote huibiwa, huugua njiani, husahau begi kwenye treni. Utaratibu unaomtaka mbebaji asiteleze kamwe muwaandikie malaika. Na kazi yenyewe ilikuwa ruzuku ya korona kwa kaya zisizotozwa kodi ya wakazi. Matajiri wa mji nao walipelekwa Suita kufanya nini?

Ijumaa ya Juni 24 mkoba ulipatikana, flashi imo ndani, mkashusha pumzi. Mkandarasi akirudi kuomba orodha, mpeni majina ya wanaolipwa tu, mkae naye hadi afute, ndipo mumruhusu akanywe.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa mbali