Kadi ya GB 512 kwa Bei ya Chipsi Kuku: Mwongozo wa Prodyuza Mpya wa Tunduma

Ukishabandika trei za mayai ukutani na kuegesha godoro mlangoni, ili honi za malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde zisiimbe sauti ya nne, studio iko tayari. Bado rekoda na kadi yake. Rekoda nunua ya mtumba, tuseme Zoom R16, mashine ya mwaka 2009 inayonasa njia 8 kwa mpigo. Kitabu chake cha maelekezo usikifungue. Kimeandika wazi kwamba mwisho wake ni kadi ya GB 32, na habari za namna hiyo humvunja moyo mwekezaji.

Nenda mpakani. Mji unaobadilisha shilingi kuwa kwacha barabarani hauwezi kukosa kadi ya GB 512 kwa bei ya chipsi kuku. Muuzaji ataichomeka kwenye simu, simu itaonyesha 512, nawe lipa haraka kabla hujafikiri. Ndani huenda mna GB 8 tu. Kadi imechezewa ili ijitangaze kubwa, na simu huamini inachoambiwa. Zipo programu, H2testw na F3, ambazo huijaza kadi hadi mwisho kisha husoma tena kila kilichoandikwa, na hapo feki huumbuka. Zote ni za bure, kwa hiyo waachie wasio na kazi.

Rekoda yaweza kuikataa kadi yako tangu mwanzo, maana zinazozidi GB 32 kwa kawaida huuzwa zikiwa na fomati ya exFAT, na mashine za zamani hujua FAT32. Fundi simu ataibadilisha fomati kwenye kompyuta. Ikikubali tu, ita kwaya siku hiyohiyo.

Tena ita kwaya ya mbali kidogo, ya Mlowo, yenye watu arobaini, sare mpya na Coaster ya kukodi. Njia 8 kwa biti 24 na kHz 44.1 hula MB 64 hivi kwa dakika, yaani karibu GB 3.8 kwa saa. Kadi halali ya GB 32 ingewabeba zaidi ya saa 8, lakini wewe si mtu wa kadi ndogo. Yako itafika mwisho baada ya saa mbili na dakika chache, na haitasema imejaa. Itaendelea kupokea, wimbo wa tisa ukiandikwa juu ya wa kwanza au ukipotelea hewani, huku mita zikicheza vizuri kabisa. Utagundua Coaster ikiwa imeshapita Vwawa.

UPS usinunue. Rekoda nyingi hukamilisha faili pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika katikati ya kiitikio, sauti zaweza kubaki kwenye kadi ndani ya faili isiyofunguka. Mwalimu wa kwaya atasema ni mapepo. Usimbishie, ni mtu mzima.

Kuhusu bakapu: kitu pekee Songwe ambacho hakihitaji nakala ni Kimondo cha Mbozi, chenye tani zipatazo 16. Kwaya haina uzito huo, lakini diski ya kuwekea nakala ni gharama, na kesho ipo.

Wimbo ulioandikiwa juu yake hakuna programu ya kuurudisha. Kabla hujampigia simu mwalimu wa kwaya, andaa nauli ya Coaster, ya kwenda na kurudi.